Ubia wa Serikali na sekta binafsi katika miundombinu: mambo yakienda mrama, nani analipa?

MWANZISHA UZI (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Tangu sheria yetu ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, ile ya mwaka 2010, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, hotuba za bajeti zimekuwa zikiutaja ubia karibu katika kila wizara. Mpango wa Tatu wa Taifa wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka wa fedha 2021/22, ulikadiriwa kugharimu Sh trilioni 114.8, na katika hizo trilioni 40.6 zilitarajiwa zitoke sekta binafsi. Hoja kwamba Hazina haiwezi kujenga barabara, bandari, mitambo ya umeme na mifumo ya maji vyote kwa mkupuo ni hoja ya kweli, nami siipingi. Nimefungua uzi huu kwa sababu nyingine. Tunabishana sana kuhusu uraia wa mbia na urefu wa mkataba, kama tulivyobishana mwaka 2023 kuhusu bandari na DP World, kampuni ya Dubai ya kuendesha bandari, lakini ni nadra kuuliza mkataba umemtwisha nani hasara pale hesabu zitakapokataa. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza, na historia yetu wenyewe inatosha kulieleza.

Nianze na maji ya Dar es Salaam. Februari 2003 DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilisaini na kampuni ya City Water Services mkataba wa kuikodisha mfumo wa maji wa jiji kwa miaka 10. Asilimia 51 ya hisa ilikuwa ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, na asilimia 49 ilikuwa ya Superdoll ya hapa nyumbani. Ukarabati mkubwa wa mabomba na mitambo ulitegemea mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na mikopo hiyo, bila kujali nani anaendesha mfumo, ilikuwa deni la umma. City Water ilitakiwa kuendesha mfumo, kusoma mita, kutoa ankara na kukusanya malipo, kisha ibaki na fungu lake na kuipelekea DAWASA kodi ya pango. Ilianza kazi Agosti 2003.

Mambo mawili yalikuwa yameharibika kabla kalamu haijagusa karatasi. La kwanza ni kwamba kampuni tatu zilikuwa zimepita mchujo wa awali, lakini siku ya kufungua zabuni ilikuwapo zabuni moja tu. Mzabuni asiye na mshindani hana sababu ya kupiga hesabu zake kwa uangalifu, na Serikali isiyo na zabuni ya pili haina cha kulinganisha nacho. La pili ni taarifa. Hakuna aliyejua kwa uhakika jiji lina wateja wangapi, wangapi wana mita zinazofanya kazi, na maji kiasi gani yanapotea kwa mabomba kuvuja na kwa watu kujiunganishia bila kibali. Zabuni ikajengwa juu ya makusanyo yaliyotarajiwa kupanda haraka, nayo hayakupanda. Kampuni ikaanza kuchelewesha kodi ya pango, kisha ikaacha kuilipa, na ikaomba masharti yabadilishwe. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuvunja mkataba, na Juni mosi viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini.

Wengi wetu tunakumbuka kwamba Tanzania ilishinda. Ni kweli kwamba katika usuluhishi wa London City Water iliamriwa kuilipa DAWASA takriban pauni milioni 3 pamoja na gharama za kesi. Lakini katika shauri la pili, lile la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, lililoamuliwa Julai 2008, wasuluhishi walisema Serikali ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kati yetu na Uingereza kwa namna ilivyotwaa ofisi na kuwafukuza viongozi wa kampuni. Tuliepuka fidia kwa sababu moja: kampuni ilikuwa imekwisha kujimaliza kwa zabuni yake mbovu, kiasi kwamba haikuwa na thamani ya kulipwa. Laiti ingekuwa kampuni yenye faida, hukumu hiyohiyo ingetugharimu mamilioni ya dola, ingawa malalamiko ya wananchi yalikuwa ya haki.

Na wananchi walipata nini? Mkazi wa Tabata au Mbagala aliyekuwa akinunua maji kwa ndoo mwaka 2003 aliendelea kununua kwa ndoo mwaka 2005, na mikopo ikabaki mezani kwa Hazina.

Sasa tulinganishe na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ambako kosa lilikuwa la aina nyingine kabisa. Baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuyapunguza maji ya mabwawa, TANESCO, shirika letu la umeme, ilisaini nayo Mei 1995 mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa megawati 100 kutoka mtambo wa mafuta mazito wa Tegeta. Malipo yaligawanywa mara mbili: gharama za mafuta na uzalishaji kwa umeme unaotoka, na malipo ya kila mwezi ya uwezo wa mtambo, yanayodaiwa iwe mtambo umewashwa au umezimwa. Mwekezaji anayejenga mtambo kwa ajili ya mnunuzi mmoja huomba kinga ya namna hiyo karibu kila nchi, na si haramu. Ila kinga ikiwekwa kwa bei isiyohakikiwa, chini ya shinikizo la giza la mgawo, mnunuzi anajifunga kitanzi mwenyewe. TANESCO ilikuja kulalamika kwamba mitambo iliyofungwa ni ya mwendo wa kati, tofauti na ile ya mwendo wa polepole iliyotajwa katika mkataba, na gharama ya uwekezaji ikashushwa na wasuluhishi mwaka 2001. Umeme ulianza kununuliwa kibiashara mwaka 2002 tu, wakati ukame ulioleta haraka ile ulikuwa umekwisha kupita. Ubishi juu ya malipo hayo ukazaa akaunti ya Tegeta Escrow katika Benki Kuu, ya kutunza fedha zilizobishaniwa, na kila mmoja anakumbuka Bunge la Novemba 2014 lilivyozipokea habari za fedha kutolewa katika akaunti ile.

Tazameni tofauti ya mikataba hii miwili. Katika maji, mbia aliachiwa hatari ambayo hakuwa na uwezo wa kuibeba, akaanguka nayo. Katika umeme, mbia hakubebeshwa hatari yoyote ya maana, na shirika la umma likalipa hata kwa mtambo uliolala. Yote miwili iliitwa ushirikiano na sekta binafsi.

Reli nitaipita haraka. TRL, kampuni ya reli ya Tanzania ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 tangu 2007 kwa mkataba wa miaka 25, haikufika hata miaka mitano. Rift Valley Railways ya Kenya na Uganda ilianza 2006 kwa mkataba wa urefu uleule na ikaondolewa 2017. Kote kuwili, aliyekabidhiwa reli kuukuu alitegemewa aifufue kwa mapato ya reli hiyohiyo kuukuu.

Naomba michango, hasa kutoka kwa walio karibu na miradi yenyewe.

MCHANGIAJI KUTOKA NAIROBI

Mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo marefu na ya uangalifu. Nina pingamizi moja. Umechagua mifano iliyoanguka, na msomaji anaweza kudhani kwamba ubia hauwezi kujenga kitu kikasimama. Hapa kwetu barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na kampuni ya Kichina ya CRBC kwa takriban dola milioni 668, ikaanza kutumiwa Mei 2022, chini ya miaka miwili tangu kazi ipambe moto. Kampuni yake tanzu, Moja Expressway, inaiendesha na kukusanya ada, na baada ya miaka 30 ya mkataba, ukihesabu na muda wa ujenzi, barabara itakuwa mali ya Serikali. Anayewahi ndege JKIA asubuhi anajua alivyokuwa akiteseka pale Nyayo Stadium kabla yake.

Hata hivyo sitaficha upande wa pili. Ada ilifungamanishwa na dola, kwa kuwa mkopo wa ujenzi ni wa dola. Shilingi yetu ilipoporomoka, ada ya gari dogo kwa safari nzima ikapandishwa kutoka Sh 360 hadi Sh 500 kuanzia Januari 2024. Mfanyakazi anayelipwa kwa shilingi alijikuta akibeba hatari ya soko la fedha za kigeni bila kuulizwa. Na barabara ya chini, wanakopita walio wengi kwa matatu, iliachwa na mashimo na mitaro iliyoharibika wakati wa ujenzi, hadi kelele zilipozidi.

Niongeze mfano mwingine, kwa sababu kosa lake lilikuwa la upande wa umma. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ulisimamishwa na wawekezaji binafsi ukawa tayari mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la Serikali, na mkandarasi wake wa Kihispania, Isolux, alifilisika kazi ikiwa haijaisha. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018. Kwa kipindi cha kuchelewa tulidaiwa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma bila kutuletea hata uniti moja, kwa kuwa mkataba ulisema mwenye kuchelewa ndiye atakayelipa, na tuliochelewa ni sisi.

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu wa Nairobi, pingamizi lako nalipokea. Hata kwetu mfano wa ubia uliofanya kazi upo. Songas ilianza mwaka 2004 kuzalisha umeme Ubungo kwa gesi ya Songo Songo, na kwa miaka 20 ya mkataba wake iliipunguzia nchi utegemezi wa mvua na wa mafuta ya kuagiza. Nayo ilikuwa na malipo ya uwezo wa mtambo kama IPTL. Ila gesi ilikuwa ya hapa, na mtambo ulitumika mfululizo, kwa hiyo kilicholipiwa kilionekana kwenye taa za watu. Kifungu kilekile kinaweza kuwa halali katika mkataba mmoja na kikawa balaa katika mwingine, kutegemea kama kitu kinachonunuliwa kinahitajika na kama bei yake ilipimwa.

Mfano wako wa Turkana naomba wasomaji wausome mara mbili. Tumezoea kumchunguza mwekezaji kana kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kuvunja ahadi. Kumbe Serikali nayo huahidi mambo: ardhi iliyolipiwa fidia, njia ya umeme, barabara ya kuingilia, vibali kwa wakati. Kila ahadi ya namna hiyo ni deni linalosubiri tarehe. Haliandikwi katika hesabu za deni la taifa siku mkataba unaposainiwa, na ndiyo maana mawaziri hupenda kusema kwamba mradi hautaigharimu Serikali hata senti. Kauli hiyo haina ukweli mpaka mtu atuonyeshe orodha ya ahadi za Serikali zilizomo ndani ya mkataba na thamani ya kila moja ikivunjika.

Kuhusu dola, siamini kwamba mtumiaji wa barabara abebe mzigo wote. Mkandarasi alichagua kukopa dola kwa sababu riba yake ilikuwa nafuu kuliko ya shilingi. Akichukua unafuu, achukue na sehemu ya hatari. Ukomo wa kupandisha ada kwa mwaka mmoja, hata kama shilingi imeanguka zaidi ya hapo, ungemlazimisha atafute mikopo ya shilingi kwa sehemu ya gharama, na mifuko ya hifadhi ya jamii ya nchi zetu ina fedha za muda mrefu zinazotafuta mahali pa kukaa.

MCHANGIAJI KUTOKA KIGAMBONI

Naomba niulize kwa heshima. Umesifu mifuko ya hifadhi ya jamii. Daraja letu la Kigamboni, la mita 680, lilijengwa kwa fedha za mfuko wa NSSF asilimia 60 na Serikali asilimia 40, likafunguliwa Aprili 2016. Sisi tunalipa kuvuka kwenda kazini na kurudi. Aliye Mbezi au Kibaha anaendesha gari katika barabara ya njia nane kutoka Kimara bila kulipa chochote, nayo imejengwa kwa kodi zetu sote. Tozo zilipunguzwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya miaka mingi, lakini swali la haki halijajibiwa. Kwa nini mkazi wa upande mmoja wa jiji alipie njia, na wa upande mwingine apewe bure?

MWANZISHA UZI

Swali lako ni zito, na sina jibu la kukuridhisha kikamilifu. NSSF ilikuwa sahihi kudai fedha zake zirudi, maana ni akiba ya wafanyakazi na si ya waziri yeyote kuigawa. Kosa naliona mahali pengine. Serikali haijawahi kutamka kanuni inayosema ni njia ya aina gani italipiwa na ipi itajengwa kwa kodi. Kanuni inayoeleweka ni kwamba tozo iwekwe pale tu ambapo mtu ana njia nyingine ya maana asiyolipia. Kigamboni njia nyingine ni kivuko cha Magogoni au kuzunguka mbali kwa barabara, na kwa mtu anayewahi zamu saa 12 asubuhi hizo si njia za kuchagua. Kwa hiyo naona ninyi mlikuwa na hoja tangu mwanzo, na punguzo la mwaka 2022 linapaswa kuchukuliwa kama hatua ya kwanza tu.

MCHANGIAJI KUTOKA KAMPALA

Wapendwa, mmeongea juu ya kuanza na juu ya katikati, na mimi naleta habari ya mwisho wa mkataba. Uganda ilikabidhi usambazaji wa umeme kwa kampuni iitwayo Umeme mwaka 2005 kwa miaka 20. Kazi ilifanyika: umeme uliokuwa ukipotea, takriban asilimia 38 mwanzoni, ulishuka hadi karibu asilimia 16, na wateja wakaongezeka kupita milioni mbili. Lakini mkataba ulimpa mwekezaji faida ya asilimia 20 juu ya mtaji aliouweka, na ukasema kwamba mtaji ambao hajaurudisha siku ya mwisho atalipwa na Serikali. Ilipofika Machi 31, 2025, Serikali ilikopa na kulipa dola milioni 118, wakati kampuni ilikuwa ikidai kwa jumla zaidi ya dola milioni 290, na ubishi ukapelekwa kwenye usuluhishi London. Miaka 20 ilitosha kabisa kukagua kila nguzo na kila transfoma mwaka kwa mwaka na kukubaliana thamani yake. Hesabu hiyo ikaachwa hadi dakika za mwisho.

MWANZISHA UZI

Ndugu wa Kampala, mchango wako umenifumbua macho, maana sisi tumesaini na DP World Oktoba 2023 mkataba wa miaka 30 na tukaambiwa utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Ningetamani kipimo hicho kihusishe pia thamani ya mtaji uliowekwa gatini, ikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na itangazwe, ili mwaka wa 30 usitukute tukibishana kuhusu bei ya kreni iliyonunuliwa mwaka wa pili. TICTS, kampuni ya kuhudumia makontena, ilikaa bandarini hapo kuanzia 2000 hadi 2022, na mkataba wake wa awali wa miaka 10 uliongezwa miaka 15 mwaka 2005, muda wa awali ukiwa haujaisha na bila ushindani. Nyongeza kama hizo ndizo zinazopaswa kupigwa marufuku na sheria, maana mbia anayejua ataongezewa muda hana haraka ya kuboresha chochote.

Wengine mmeniandikia kuniuliza nadai nini hasa kwa barabara ya kulipia inayopangwa kuanzia Kibaha kwenda Chalinze na baadaye Morogoro. Mradi huo ninauunga mkono. Mtu aliyekaa Mlandizi saa nzima nyuma ya foleni ya malori hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Ninachodai ni kwamba mkataba uchapishwe wote kabla ya kusainiwa, pamoja na viambatisho, maana hesabu zenyewe hukaa kwenye viambatisho. Na humo nitatafuta vifungu viwili kabla ya kingine chochote.

Cha kwanza ni makadirio ya magari. Malori mengi yanayopita pale hubeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi kutoka bandarini. Serikali hiyohiyo imejenga reli ya kisasa sambamba na barabara hiyo, na treni za abiria zilifika Dodoma Julai 2024. Reli ikifanikiwa kubeba mizigo kama tunavyotamani, malori yatapungua. Endapo Serikali imemhakikishia mbia idadi ya magari, basi kila kontena litakalopanda treni litaidai Hazina fidia kwa lori ambalo halikupita, na tutakuwa tumelipia mafanikio ya reli yetu wenyewe mara mbili. Mbia na apewe takwimu za reli na za TANROADS, wakala wa barabara, mapema, azipime, kisha abebe hatari ya idadi hiyo yeye mwenyewe. Akikataa, aeleze kwa bei gani atakubali, na wazabuni wengine waulizwe hivyohivyo.

Cha pili ni kifungu kinachoizuia Serikali kuboresha njia inayoshindana na ile ya kulipia. Wawekezaji wa barabara huomba kifungu hicho, na ninaelewa kwa nini. Lakini barabara ya sasa ya Morogoro ndiyo njia pekee ya bure kwa daladala za Mlandizi na kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Tumbi. Ikiandikwa kwamba haitapanuliwa wala kukarabatiwa vizuri kwa miaka 30, basi tozo itakuwa ya lazima kwa watu wote, hata kama karatasi itasema ni ya hiari. Mbunge yeyote wa mkoa wa Pwani anaweza kuliuliza hilo bungeni kabla mkataba haujasainiwa, na wizara itapaswa kumjibu kwa kumsomea kifungu chenyewe.